Mwali wa Milango Miwili

Jumatatu, 6 Juni 1994

Nimeliosha tena. Mara ya pili leo. Asubuhi kwa sabuni, jioni kwa kipande cha kanga ya Agripina, mke wangu, ambaye bado hajui kama kanga imepungua. Rangi nyekundu ya pilipili iliyoiva. Milango miwili tu. Taa za mbele zimelala ndani ya boneti. Ukibonyeza kitufe zinainuka kama macho ya chura anayetoka majini. Gari la spoti hasa. Mwembesongo nzima, na Morogoro yote, haijawahi kuona kitu hiki. Dar labda yapo, lakini ya huko hayang'ai hivi, maji yao yana chumvi.

Gari ni la Prosper, mpwa wangu, baharia. Alilinunua kwenye yadi moja ya Dar akiwa likizo. Siku hizi mwenye pesa yake analeta gari analotaka, si kama zamani, kibali mpaka ufe. Akalikimbiza wiki chache, akamfundisha dada yake Felista kuendesha kwenye uwanja wa mpira wa Mlali, kisha meli ikamwita. Ufunguo akaniachia mimi. Akasema, "Mjomba, liuze au libadilishe, ilimradi Felista apate pikapu."

Hakumwachia baba yake. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mama yao, dada yangu, yuko kaburini. Nimebaki mimi. Mimi ndiye mama yao mwenye ndevu.

Felista analima karoti na kabichi milimani juu ya Mlali. Mumewe yuko Kilombero kwenye miwa. Wiki iliyopita yeye na wanawake wenzake walishusha mizigo kichwani mpaka barabarani, lori halikuja. Kabichi zikaozea pale pale. Anataka pikapu kabla mvua za vuli hazijaharibu njia. Ataipata. Mimi Kandidi nimesema.

Injini na giaboksi vina waranti ya mwaka mzima. Yadi wamepitisha waya kwenye boliti za giaboksi, wakaufunga kwa kidonge cha risasi. Ukikigusa, waranti kwisha. Nimelala chini nikakiangalia. Kidogo kama punje ya mbaazi. Kitu kidogo hivi kinatishia watu wazima.

Jumatano, 8 Juni

Mnunuzi amepatikana. Sikumtafuta, harufu ya gari imemleta. Bwana Jamali, injinia mstaafu, mtu wa msikitini, kanzu nyeupe haina hata kunyanzi. Ana pikapu nzima, bodi haijachubuka. Alisoma ng'ambo ujanani, anasema aliwaona vijana wa kule na magari kama haya, akameza mate miaka yote hii. Alivua viatu kabla ya kuingia garini. Nimempenda mtu huyu.

Akasema, "Bwana Kandidi, mimi nalitaka hivi hivi lilivyo. Usiongeze hata kibandiko. Nakwenda Tanga kwa dada yangu. Nikirudi mwezi wa nane, ufunguo kwa ufunguo."

Mtu ana adabu sana. Kila mposaji husema hivyo. Waliokuja kwa Felista walisema vile vile: tunamtaka hivi hivi, hata kwa kanga moja. Ole wako mjomba ukiwaamini! Ukimtoa binti shingo tupu utasemwa mpaka wajukuu. Nilimtoa na shanga, bangili, godoro na cherehani. Wakweze walifumba midomo. Na siku alipotolewa mwali nilimbeba mwenyewe begani, toka nyumba ya bibi yake mpaka uwanjani, sikumtua hata mara moja, na ngoma ilipiga mpaka mlima ukaitikia.

Kwa hiyo nimemwelewa Bwana Jamali. Ametamka ya mdomoni, kazi iliyobaki ni yangu. Gari hili ni mwali. Litatolewa limepambwa.

Nina furaha. Usingizi hauji.

Jumapili, 12 Juni

Baada ya misa nimelipeleka Mlali, Felista alione lilivyotunzwa. Njia nzima watoto wanakimbia nyuma. Mzee mmoja alivua kofia, akadhani ni askofu.

Lakini tumbo! Gari limelala chini kama kenge. Kila jiwe linalikwangua. Pale kijitoni maji yalitaka kuingia ndani, nikashuka, nikalinyanyua upande mmoja kwa mkono wa kushoto, wa kulia nimeshika suruali. Waliokuwepo wanajua. (Kulikuwa na vijana wanne walionisaidia kidogo.)

Felista akalizunguka, mikono yake ina udongo mpaka kwenye viwiko. "Shikamoo Mjomba. Zuri. Linang'aa. Ila halina tumbo la kubeba kabichi."

"Ndiyo maana linabadilishwa."

"Basi libadilishwe, Mjomba. Kabichi hazijui kungoja."

Mpwa wangu hapotezi maneno. Kanirithi mimi.

Nimeamua. Mwali asiyevuka kijito si mwali. Litainuliwa.

Jumamosi, 18 Juni

Karakana ya fundi Sele, hapa hapa Mwembesongo, nyuma ya mashine ya kukoboa. Sele ni fundi kweli. Anaweka bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, anafumba macho kama anasikiliza taarabu. Ametoa springi za asili, fupi, laini, za kijana wa mjini. Ameweka za gari la mizigo lililokufa zamani. Limeinuka! Sasa paka anapita chini mkia juu.

Tatizo moja. Ukiinua mwili, vyuma vinavyotoka kwenye giaboksi vinakwenda mshazari. Lazima giaboksi iteremshwe kidogo, ilingane. Na kwenye boliti zile ndipo ulipopita ule waya wa yadi.

Sele akatoka uvunguni. "Mjomba Kandidi, hapa pana lakiri. Nikikata, waranti imekufa."

Nikamwambia waranti ni ya watu wasiojua kuendesha. Mimi nimeendesha lori la mkonge na chui amekaa kiti cha taniboi kutoka Ngerengere mpaka Mikese. Alishuka mwenyewe. Nani alinipa waranti?

Koleo likalia ka! Kidonge kikaanguka mchangani. Kuku akakidonoa, akakitema.

Springi za zamani nimempa mhunzi wa Mlali aliyekuja kutafuta vyuma. Nimempa bure, kwa moyo mweupe. Mkono mtupu haulambwi. Akaniombea dua ndefu.

Alhamisi, 23 Juni

Honi. Nimeipata Msamvu kwenye basi la bara lililogonga mti. Tarumbeta tatu za shaba, ndefu kama mkono wangu. Sele ameifunga chini ya bampa. Nimeijaribu stendi. Abiria watatu waliokuwa wananywa chai walibeba mabegi na kukimbia, wakidhani basi lao linawaacha. Mmoja alikimbia na kikombe. Makondakta wakapiga makofi. Jioni nikaenda nalo Mlali kuringa, nikaipiga na huko.

Ekzosi pia. Ile ya zamani ilikuwa inanong'ona kama mtawa. Hii inanguruma. Nikipita Mwembesongo vifuniko vya masufuria vinatetemeka.

Jumapili, 3 Julai

Mapambo yamekamilika. Mchoraji wa mabango amepaka miale ya moto ubavuni, njano na machungwa. Nyuma, herufi kubwa: MWALI. Juu keria ya chuma, nondo kweli kweli, Sele ameichomelea mpaka giza. Ndani shanga kwenye kioo, na ngozi ya mbuzi kwenye dashibodi.

Padri mwenyewe alitoka sakristia kulitazama. Akasema, "Kandidi, hili linaonekana hata kutoka mbinguni." Sifa kubwa hiyo.

Agripina akasema limekuwa kama pango la Noeli, bado ng'ombe tu. Wivu. Mwanamke hapendi mwali mwingine apambwe nyumbani kwake.

Jumanne, 12 Julai

Siku ya sifa. Nauza matairi yangu mitumba Msamvu kama kawaida, gari nimeliegesha kando. Watu wamesahau matairi. Mwenye duka la vipuri kasema gari hili sasa thamani yake pikapu mbili. Dereva wa basi kasema tatu. Nilipokuwa dereva wa shirika, kabla hawajatupunguza kazini, hakuna aliyenitazama hivi, na gari lilikuwa tani kumi.

Nimewaza. Bwana Jamali akirudi, nimwambie aongeze kitu juu ya pikapu? Si haki achukue mwali na mapambo yote kwa bei ya yule wa kanga moja. Lakini ni mtu mwema. Nitamsamehe. Labda aongeze turubai.

Agripina ameiona kanga yake. Nimelala kwenye kochi.

Ijumaa, 22 Julai

Gia ya tatu inalia. Ukiipachika inatoa sauti ya mbuzi aliyefungwa jua kali. Ya pili nzuri. Ya nne nzuri. Ya tatu, mbuzi.

Sele akasikiliza kwa bisibisi. Akasikiliza tena. "Mjomba, hii si kazi yangu. Hiki kigia kimekuja kimelika kutoka huko kilikotoka. Rudisha yadi. Watakubadilishia bure, si una..."

  Wote tukatazama mchanga, pale alipokuwa kuku.

Jumatatu, 25 Julai

Dar. Nimekwenda kwa gia ya pili na ya nne, ya tatu nimeruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Yadi walitoka wote kulishangaa. Wauzaji, walinzi, mpaka mama wa chai. Mmoja akaomba apige picha amekaa juu ya boneti. Nikasema haya, hawa wamekwisha lainika. Nikawapigia na honi.

Kisha akaja kijana wa tai. Shikamoo vizuri, kiti, soda. Akalala chini, tai kaitupia begani. Akatoka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mzee wangu, lakiri iko wapi?"

Nikamweleza habari ya chui. Alisikiliza mpaka mwisho, kijana ana malezi. Halafu akasema, "Waranti ni ya gari tulilouza sisi. Hili ni gari lenu, wewe na fundi wako. Kigia kimelika kwa sababu yetu au kwa sababu mmeliinua, nitajuaje? Ungekuja na kidonge kile, leo hii tungekubadilishia giaboksi nzima."

Giaboksi nzima. Kwa punje ya mbaazi.

Njia yote ya kurudi watu wanapunga mikono. Chalinze walilizunguka nikashindwa kutoka. Lakini moyo haukuwa na mimi. Naogopa. Sijui kwa nini naogopa, Bwana Jamali atalipenda tu. Kila mtu analipenda.

Jumamosi, 6 Agosti

Bwana Jamali amerudi kutoka Tanga. Amekuja asubuhi na pikapu yake, imeoshwa, na zawadi ya machungwa. Nilikuwa nimelifunika gari kwa shuka. Nikalifunua kwa mkupuo, kama wafanyavyo ngomani.

Alisimama. Akalizunguka polepole. Akasoma maandishi ya nyuma. Akagusa keria. Akachuchumaa, kanzu kaikusanya kwa mkono mmoja, akatazama chini kwa muda mrefu kuliko yule wa tai.

"Mashallah. Umelipamba sana, Bwana Kandidi. Sijaona kazi kama hii."

Nikaanza kucheka.

"Lakini mimi nilimposa yule wa kwanza."

Nikamwambia yule wa kwanza yumo humo humo ndani. Akatikisa kichwa. Akasema alimaanisha alichosema, hata kibandiko. Nikajibu kwamba hata waliomposa mpwa wangu walisema hivyo. Hapo akanitazama sana, naona akaelewa, maana alikaa chini kwenye kizingiti changu na kanzu yake ile.

"Basi kosa ni letu sote wawili," akasema. "Wewe ulinisikia kama mshenga. Mimi nilisema kama injinia."

Kanipa wiki moja. Nikiweza kulirudisha lilivyokuwa, ufunguo kwa ufunguo. Nikishindwa, kuna mtu Dodoma ana gari la aina hiyo halijaguswa, atampa yeye pikapu.

Agripina alipika ugali, akanipakulia nyama kubwa kuliko yake. Ningependa angenigombeza.

Jumapili, 7 Agosti

Sikwenda misa. Mungu ananijua. Mimi na Sele tumemvua mwali nguo zote. Honi imetoka. Keria imetoka, Sele kaikata kwa uchungu, ameiweka ukutani bila kuipinda. Miale ya moto tumeisugua kwa msasa, nyekundu ya chini nayo imeanza kutoka. Sasa ubavu una rangi ya nyanya iliyochubuka. Herufi za nyuma zimegoma. Ukisimama kwa mbali bado unasoma WALI.

Ekzosi ya asili tumeipata kwa jirani, alikuwa anaitumia kama bomba la moshi jikoni. Kanidai nimtafutie nyingine. Nimempa ile inayonguruma. Jiko lake sasa lina heshima.

Zimebaki springi. Jumanne, Mlali.

Jumanne, 9 Agosti

Mhunzi alinipokea kama mfalme. Akanivutia kigoda. Nikamwambia nimekuja kwa zile springi. Uso wake ukang'aa kuliko moto wake.

"Mjomba! Chuma kile! Sijapata kufua chuma kama kile toka nizaliwe!"

Akanionyesha. Miundu. Amezinyoosha springi zote nne, akafua miundu ya kukatia kabichi, myembamba, mizuri, inakata hewa. Imebaki miwili. Mingine wamenunua akinamama wa mlimani. Wanaipigania.

Niliushika mmoja mkononi. Ni mzuri kweli. Nitasema nini? Ni mzuri.

Nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo Mjomba." Felista. Kichwani kabichi, mkononi mundu. Springi ya Prosper ileee, mkononi mwa dada yake.

Akamsikiliza mhunzi akinisifu kwa ukarimu wangu. Akasikiliza yote. Hana haraka mpwa wangu. Halafu akaniuliza, "Bwana Jamali anataka lini?" Jumamosi. "Na bila springi hizi hachukui?" Hachukui. Akautazama mundu. Akaufuta kwenye kanga yake, akaondoka kupanda mlima.

Hakunilaumu. Angenilaumu ningejitetea, najua kujitetea. Nilikaa kwa mhunzi mpaka jua likapinda. Najisikia vibaya. Sina namna nyingine ya kuandika.

Jumamosi, 13 Agosti

Amekuja. Ameona. Gari liko juu kama beberu, ubavu umechubuka, gia ya tatu mbuzi. Sikumfunulia shuka safari hii.

Nilijaribu mwisho. Nilimwambia injini ni ile ile, haijaguswa, naapa. Akasema, "Nakuamini, Bwana Kandidi. Lakini gari lisiloguswa, kasoro zake ni za kiwandani, nazijua. Lililoguswa sijui aliyeligusa alianzia wapi na aliishia wapi. Na nikija kuliuza mimi, mwenzangu ataniuliza hivyo hivyo, na wewe sitakuwa nawe."

Kweli tupu. Mtu anasema kweli kwa sauti ya chini mpaka unamchukia na kumpenda kwa pamoja. Akanipa mkono. Pikapu ikaenda Dodoma. Nimeisindikiza kwa macho mpaka ilipokata kona kwa mwenye mashine.

Mchana nikawafuata wote waliosema pikapu mbili, pikapu tatu. Mwenye vipuri kakumbuka ana msiba. Dereva wa basi katazama saa, na saa hana. Kila aliyesifu bure, kulichukua hataki. Mmoja kasema atalichukua kwa bei ya vyuma. Nilitaka kumpiga. Sikumpiga kwa sababu ya umri wake, ni mdogo kuliko mimi.

Jumapili, 14 Agosti

Felista ameshuka. Nilimwona toka mbali, nikaingia ndani nikajifanya nimelala. Agripina akamwambia kwa sauti, "Mjomba wako amelala huku amevaa viatu." Nikatoka.

Akaniamkia. Hakukaa. Akaomba ufunguo.

Akafungua milango yote miwili. Akaingiza mkono nyuma, akapima kwa shubiri. Akapiga teke tairi. Akalala chini, naam, na gauni lake la kanisani, akatazama uvungu.

"Kijitoni litapita?"

Nikasema litapita na kijito kingine juu yake.

"Viti vya nyuma vinatoka?"

Sele akaitwa. Vikatoka. Agripina ameviweka sebuleni, anakaribisha wageni kama mke wa balozi.

"Rudisha keria, Mjomba. Rudisha na ile honi. Shanga kaa nazo."

Nikamuuliza ya nini honi. Akanieleza kama ninavyomweleza mtoto. Wanawake wa mlimani hawajui gari linafika saa ngapi. Wanashusha mizigo alfajiri, wanakaa juani, lori haliji, kabichi inaoza, karoti inasinyaa. Honi ile, siku ile nilipoipiga Mlali kuringa, ilisikika mpaka juu kabisa. Watu waliacha majembe.

Sikuwa nimeliwaza hilo. Nimemwambia nililiwaza.

Sele anakarabati gia ya tatu kwa kigia cha gari bovu. Anasema kitalia kidogo, lakini kitakwenda.

Jumatano, 24 Agosti

Safari ya kwanza. Felista ameshika usukani. Mimi pembeni, kiti cha taniboi. Kiti cha chui.

Anaendesha vizuri. Hajikazi. Mikono ile ile ya jembe, imelegea, inajua. Kijitoni pikapu ya mtu ilikuwa imekwama, magurudumu yanazunguka bure, mwenyewe kakunja suruali. Sisi tukapita kando yake, maji chini, tumbo kavu. Nilimpungia mkono. Sikuweza kujizuia.

Kisha Mlali, pale njia inapoishia. Akazima injini. Kimya, ndege tu. Akaniambia, "Mjomba, piga."

Nikapiga. Tarumbeta tatu. Sauti ikapanda bonde, ikagonga jabali, ikarudi, ikapanda tena. Tukangoja. Nikaona aibu, nikadhani hakuna kitu.

Halafu vigelegele. Kwanza kimoja, mbali, kama kinatoka kwenye ukungu. Kikajibiwa cha upande wa pili. Kikajibiwa cha juu zaidi. Na njia zote za mlima zikaanza kutoa watu, mmoja mmoja, vikapu kichwani, karoti zimening'iniza majani, kabichi za asubuhi hiyo hiyo bado zina umande, miundu kiunoni. Wanashuka wanaimba. Wanashuka kwa gari letu.

Niligeukia dirishani, vumbi liliniingia machoni. Felista hakuniangalia. Ana adabu.

Tumejaza mpaka kwenye keria. Taa za chura tumeziinua, moja haiinuki tena. Msamvu wachuuzi walitupokea wakicheka: "Kabichi zimekuja na gari la bosi!" Zimeisha kabla ya mchana. Hata jani moja halikuoza.

Jumatatu, 12 Septemba

Sele kasema bei ya gari sasa haipo. Hakuna wa kulinunua Morogoro wala popote. Nikamwambia kweli. Nimemwandikia Prosper, nimemwambia dada yake amepata gari la mizigo. Mengine atayaona akija. Nitamsimulia mimi mwenyewe, na chui atakuwemo.

Felista amelileta jioni, likalala hapa. Matope mpaka kwenye madirisha. Yale maandishi ya nyuma hayasomeki kabisa. Jani la kabichi limenasa kwenye taa. Ameingia ndani kula, yeye na Agripina nawasikia wanacheka kwenye vile viti.

Nilichota maji. Nikachukua kitambaa. Nikasimama.

Alfajiri linapanda tena mlimani, litachafuka kabla ya jua kutoka.

Nimefuta kioo cha mbele tu, aone njia.